Watoto wanaharisha kwenye kambi ya mafuriko, mmoja ametoka vipele. Nimwambie mama afanye nini?

Binti_wa_Tana

Jamani habari za usiku. Naomba msaada hasa kwa walio kwenye kazi za afya au waliowahi kukaa kambini. Mamangu na watoto wa dadangu wako kwenye shule ya msingi huku Tana River upande wa Madogo tangu mto uvunje kingo, nyumba imejaa maji mpaka dirishani, mbuzi wamekwenda na maji, choo cha shimo kimefurika na vyoo vya kijiji kizima ni hivyo hivyo, yaani kila kitu kimechanganyika huko chini. Mimi niko Mombasa, barabara imekatika, na kuvuka kwa boti baada ya ile iliyozama Kona Punda mwisho wa Aprili 2024 mamangu mwenyewe kanikataza.

Sasa shida ni hii. Darasa moja wanalala familia saba, madeski yamepangwa ukutani. Kitinda mimba wa dadangu, miaka miwili na kidogo, tangu jana anaharisha maji matupu na kutapika, mama anasema ni meupe meupe hata harufu ya kawaida hayana. Wa miaka mitano ana homa, mafua, macho mekundu, na leo asubuhi vipele vimeanza nyuma ya masikio vikashuka usoni, mama anasema ni joto la kubanana. Maji ya kunywa yako kwenye pipa moja mlangoni kila mtu anachota na kikombe chake. Watu wa hapo wanasema ugonjwa umeletwa na mizoga na maiti zilizopita mtoni, wengine wanagawana Flagyl. Na shule zinatakiwa kufunguliwa, hatujui watapelekwa wapi. Nimwambie mama aanze na nini? Simu yake anachaji mara moja kwa siku kwa jirani mwenye sola.

Sista_wa_Wadi

Pole sana dadangu. Mimi ni muuguzi, Kilifi. Niandike haraka kwa sababu huyo wa miaka miwili ndiye wa kuangaliwa SASA HIVI sio kesho. Kuharisha maji yaliyofanana na yale ya kuoshea mchele pamoja na kutapika, kwenye mafuriko, mchukulie kama kipindupindu mpaka mtu aliyempima aseme sio. Tana River kipindupindu kimethibitishwa mwezi huu wa Mei 2024, kwa hiyo hii sio kuwaza mabaya. Kinachoua sio ule mdudu wenyewe bali maji yanayotoka mwilini, na mtoto mdogo anaweza kukauka ndani ya masaa machache tu.

Mama aanze ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) sasa hivi, kama hana pakiti achukue lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa, atie sukari vijiko 6 vya chai, vijiko bapa sio vya kilima, na chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi, ikizidi inadhuru. Kila akiharisha ampe kama nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Akitapika asikate tamaa, angoje dakika kumi aanze tena kijiko kimoja kimoja, taratibu. Akiwa ananyonya aendelee kunyonya, na chakula asinyimwe.

Na huku akimpa, mtu mwingine aende kumtafuta mhudumu wa afya wa jamii au watu wa Msalaba Mwekundu waliopo hapo kambini. Wasisubiri wamalize lita ndio waende. Ukisikia macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, hataki hata kunywa, au ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, huyo anataka dripu na ni kubebwa haraka, ORS wampe njiani. Kwenye zahanati wataongeza na vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14, asiache katikati hata akipona.

Huyo wa vipele nitarudi kwake, ila kwa sasa asilale na watoto wengine.

Msafiri_Kenya

Sista umesema vizuri lakini hiyo Flagyl msiidharau, sisi tulipokaa kambini mafuriko ya 2018 kila mtu alimeza na tukapona. Sukari yenyewe watapata wapi huko. Metro, yaani hiyo hiyo Flagyl, ni shilingi chache tu dukani, apewe nusu kidonge asubuhi na jioni.

Sista_wa_Wadi

Kaka @Msafiri_Kenya hapana, na nakuomba usimwandikie mtu dozi ya mtoto hapa. Flagyl haiui mdudu wa kipindupindu. Inatibu amiba na mengineyo, sio hii. Waliopona walipona kwa sababu kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe mtu akinywa maji ya kutosha, sasa sifa inakwenda kwa kidonge. Dawa ya kuua bakteria ya kipindupindu ipo, anaitoa kliniki kwa mgonjwa aliyezidiwa. Hatari yenyewe ni kwamba mama akishampa Flagyl anapumua, anaona kashatibu, na huku mtoto anakauka. Nimeona watoto wakiletwa wadini na karatasi ya vidonge mfukoni mwa mzazi na mtoto keshapoa mikono na miguu. Kwa sukari una haki, haipatikani hivi hivi, ndio maana waulize ORS kwa wahudumu, hiyo inagawiwa bure, na wakikosa kabisa hata uji mwepesi wenye chumvi kidogo ni bora kuliko kukaa bila kitu.

BwanaAfya_Mstaafu

Wanangu salaam. Mimi nilikuwa bwana afya Tanzania, Kigoma na baadaye Rufiji, nimestaafu lakini mambo ya vyoo na maji hayajanitoka.

Kwanza hili la maiti niliseme kwa sababu kila mafuriko linarudi. Watu waliokufa kwa kuzama au kuangukiwa na nyumba hawaleti mlipuko wa ugonjwa, walikuwa wazima, hawakuwa na kipindupindu mwilini. Mzoga wa mbuzi ukiwa kisimani unaharibu maji ndio, uondolewe, lakini ugonjwa wa kambini unatoka kwa watu walio hai, kinyesi chao kikifika kwenye maji na mikono. Hii nasisitiza kwa sababu nimeona nguvu kazi na dawa ya klorini ikipelekwa kupulizia maiti huku pipa la maji ya kunywa halina hata tone. Na watu wanazikwa harakaharaka bila ndugu zao kuwatambua, jambo linalowaumiza miaka. Tofauti ni mtu aliyekufa KWA kipindupindu hapo kambini, huyo azikwe na watu waliofundishwa, wasimwoshe ovyo na wasile chakula cha msibani kilichopikwa na waliomwosha.

Sasa hilo pipa la mlangoni, binti yangu, ndipo ugonjwa ulipo. Hata maji yakija na boza yakiwa safi kabisa, mkono wa kwanza ulioingia na kikombe umeshayachafua na familia saba zote zinakunywa. Mama yako awashike wenzake wa darasa, wapate ndoo yenye bomba na kifuniko, kama hakuna basi dumu lile la mdomo mwembamba la lita 20, mdomo ule mkono hauingii, wamimine tu bila kuchota. Hii haihitaji shirika lolote, wanaweza leo. Halafu dawa: Waterguard (klorini ya maji ya chupa) wafuate maelezo ya chupa, maji yakiwa na rangi ya matope wayachuje kwanza kwa khanga safi iliyokunjwa mara kadhaa na waweke dozi mara mbili, watikise, wangoje nusu saa ndio wanywe. Maji ya Tana nayajua yana udongo mwingi, klorini inakula ule udongo inaisha kabla ya kuua wadudu. Zile pakiti za unga wa Pur ndizo zinafaa kwa maji kama hayo, zinagandisha tope lishuke chini, pakiti moja lita 10, unakoroga dakika tano, unachuja, unangoja dakika 20.

Vyoo. Kipimo cha kimataifa kwenye dharura siku za mwanzo ni choo kimoja kwa watu 50, baadaye 20, na maji lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja watu 250. Shule ilijengwa kwa wanafunzi wanaokuja mchana na kurudi kwao, sasa watu mia kadhaa wanalala pale usiku na mchana, mashimo yanajaa ndani ya wiki. Muulize mama vyoo vya wanawake vina taa na komeo? Mahali pengi nimekuta vyoo vipo, vizuri tu, lakini usiku kiza na wanaume wamekaa njiani, kwa hiyo akina mama na wasichana wanajisaidia nyuma ya darasa au kwenye mfuko wa plastiki, na mvua ikinyesha yote yanateremka kwenye kisima. Mtu akikwambia wakimbizi ni wachafu mwambie alale pale usiku mmoja akiwa mwanamke. Tochi mbili na komeo la msumari vinazuia kuharisha kuliko semina kumi. Na kama choo kipya kinachimbwa kiwe mbali na maji angalau mita 30.

Binti_wa_Tana

Sista, mzee shikamoo, Mungu awalipe. Nimempata mama. Mtoto kapelekwa kwenye hema la Msalaba Mwekundu kwa pikipiki, wamempa ORS anakunywa kwa kijiko, amekojoa mchana huu, hajawekwa dripu. Wamesema anaangaliwa mpaka kesho. Mama kaniambia kuna watu wazima wengine wawili kutoka darasa la pili wako pale na dripu. Pipa wameligeuza, wamepata madumu manne ya mafuta ya kupikia wameyasafisha. Vyoo vya wanawake hakuna taa, mzee umeongea kama uliyekuwepo. Mama anasema usiku yeye huwa hanywi chai jioni ili asitoke.

Naomba sasa huyo wa vipele.

Sista_wa_Wadi

Alhamdulillahi kwa huyo mdogo. Waendelee hivyo hivyo hata akichangamka.

Huyo wa miaka mitano, homa na mafua na macho mekundu KWANZA halafu vipele vinaanzia nyuma ya masikio na usoni vikishuka, hiyo ni surua, ukambi, mpaka ithibitishwe vingine. Joto halileti macho mekundu. Surua kwenye darasa la familia saba ni jambo kubwa, inasambaa kwa hewa, mtoto anaambukiza wengine siku nne kabla ya vipele na siku nne baada, maana yake wenzake wa darasa wameshaivuta. Mama amwone mhudumu leo aseme neno lenyewe, surua, asiseme vipele tu, kwa sababu kisa kimoja kambini kinatosha kuleta chanjo. Watoto ambao hawajachanjwa wakipata ndani ya siku tatu tangu wakutane na mgonjwa wengi inawakinga. Kwa kawaida hapa Kenya tunachanja miezi 9 na miezi 18 lakini kambini wanaanza miezi 6. Mgonjwa mwenyewe atapewa vitamini A, inalinda macho na inapunguza vifo, na waangalie kupumua, akianza kuhema haraka au kifua kubonyea ndani hiyo ni nimonia, na nimonia ndiyo inayoua wengi kwenye surua.

Kadi za kliniki zimesombwa najua. Asinyimwe chanjo kwa kukosa kadi, na mzazi asikatae kwa kuwa "nadhani alichanjwa", kuchanjwa tena hakuna madhara.

Jingine ambalo watu hawalisemi hadharani: kambini kuna watu wanaomeza dawa kila siku, za TB, za ARV, za kisukari, za presha, za kifafa, na dawa zimekwenda na maji. Wengine wanaona aibu kuuliza mbele za watu. Mtu wa TB akikatiza na analala chumba kimoja na watu arobaini mnaelewa inamaanisha nini. Kituo chochote cha serikali chenye huduma hiyo anaweza kusaidiwa hata kama sio kile alichoandikishwa. Mama kama anamjua mtu wa hivyo amnong'oneze tu.

Mwana_wa_Kivu

Jambo bote. Niko Goma, Kongo. Nasoma hii nakumbuka 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, na tarehe 27 bakatuambia tutoke muji, tukaenda Sake kwa miguu na batoto na matelas kichwani, watu elfu na elfu njia moja. Lava iliharibu tanki kubwa ya mayi na batu karibu nusu milioni bakakosa mayi ya bomba. Na Sake kipindupindu iko pale kila mwaka, haikungoja volkano. Tulikuwa na woga sana kwa sababu wazee wetu baliona 1994 wakati wakimbizi ya Rwanda baliingia, makumi ya maelfu balikufa kwa majuma machache hapa kando ya ziwa.

Ile ninaona ilisaidia, ni kitu kidogo sana. Kando ya ziwa kulikuwa vijana na gilet (kizibao), kila mutu anachota bidon (dumu) yake ziwani, anapita mbele ya kijana, kijana anachukua klore na sindano bila mwiba anapima anatia ndani ya bidon, anafunga, unaenda. Hawakuambia mutu "chemsha mayi" kwa sababu makala utatoa wapi, kuni utatoa wapi. Dawa ilikuwa ndani ya bidon mbele ufike nyumbani. Mama yako na wenzake waombe hii, mutu mumoja asimame pale boza inamimina na aweke klore kwa kila mutungi. Hata mutoto wa sekondari anaweza fanya ukimuonesha mara moja.

BwanaAfya_Mstaafu

Ndugu wa Goma umenena. Hiyo ndiyo kazi. Na niongeze Beira, Msumbiji, kwa wanaodhani kipindupindu baada ya maafa ni majaliwa tu. Kimbunga Idai kilipiga usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, tarehe 27 kipindupindu kikathibitishwa, tarehe 3 Aprili chanjo ya matone ilikuwa inaingia midomoni mwa watu na ndani ya siku chache zaidi ya laki 8 walishachanjwa. Wagonjwa walipita elfu 6 na vifo vilikuwa 8. Nane! Kwa mji uliobomolewa ule. Vituo vya matibabu vilifunguliwa karibu na watu na maji yakarudishwa haraka. Kwa hiyo mtoto akifa kwa kuharisha kambini mimi siwezi kukubali kwamba ni kazi ya Mungu, kuna mtu alichelewa mahali fulani.

Kijana_wa_Garissa

Mimi niko hapa ng'ambo ya daraja, najitolea kugawa neti na sabuni. Hayo ya surua nimeyapeleka kwa timu, wamesema wanakuja kuangalia hiyo shule.

Nataka kusema mambo mawili ambayo huku yanatuhusu sana. Malaria haiji siku ya mafuriko, maji ya kasi yanasomba hata viluwiluwi, inakuja wiki kadhaa baadaye maji yakisimama kwenye madimbwi, na wakati huo mashirika mengi yameshaondoka na watu wameshauza neti wanunue unga. Msiuze neti tafadhali. Ndani ya darasa hakuna pa kufungia, sisi tunapiga misumari ukutani tunavuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta neti nne zinaning'inia kamba moja, inawezekana.

La pili ni mifugo. Wazee wanakumbuka mvua za mwisho wa 2006, homa ya bonde la ufa ilianzia huku Garissa, watu zaidi ya 150 walikufa Kenya. Inakuja na mbu baada ya mafuriko, dalili ya kwanza ni mbuzi na kondoo kutupa mimba kwa wingi na wadogo kufa. Sasa hivi watu wana njaa, mbuzi akionekana anakufa anachinjwa haraka asipotee. Usichinje mnyama mgonjwa, usimguse aliyetupa mimba bila glavu au mfuko wa plastiki mkononi, maziwa yachemshwe. Ukiona mimba zinatoka piga ripoti kwa daktari wa mifugo wa kaunti hata kama unaogopa soko litafungwa. Mimi ni mfugaji, najua uchungu wa soko kufungwa, lakini ile 2006 tulizika.

Na mwenye jeraha aliyetembea kwenye maji achomwe sindano ya pepopunda, mabati na misumari yamejaa chini ya matope. Baada ya tsunami ya 2004 kule Aceh, Indonesia, waliougua pepopunda walipita 100.

Binti_wa_Tana

Kaka wa Garissa timu imefika kweli, mama kanipigia. Wamechukua damu ya mtoto wa vipele na wamesema kesho wanachanja shule nzima. Familia yake wamehamishiwa chumba cha mwalimu mkuu peke yao. Yule mdogo karudi anakula uji. Tochi moja imepatikana ya vyoo vya wanawake, wanaiachia kwenye msumari.

Swali la mwisho. Wanaambiwa wapishe madarasa wanafunzi waingie, wahamie mahema juu kwenye mchanga. Mwalimu mmoja ana wasiwasi watoto wa shule watachukua kipindupindu kwenye sakafu walipotapikia watu. Wafanyeje?

Sista_wa_Wadi

Ana haki ya kuwa na wasiwasi lakini inasafishika. Jik (dawa ya kufulia yenye klorini) ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwenye vikombe 6 vya maji, hiyo ndiyo kali ya matapishi na kinyesi. Kwanza wafute uchafu unaoonekana kwa matambara wayatupe chooni au wayachome, ndio wamwage dawa, waiache dakika kumi ndio wapige deki. Wavae glavu au mifuko, madirisha wazi, na wasichanganye na dawa nyingine ya choo, moshi wake unaumiza kifua. Madeski wapanguse na waanike juani. Matangi ya shule yamwagwe yote, yasuguliwe ndani, yatiwe klorini upya kabla mtoto hajafungua bomba. Vyoo vilivyojaa vifungwe vijazwe udongo, wasiwaachie wanafunzi wavikute hivyo.

Na huko kwenye mahema mama aulize mapema, kabla hajabeba godoro: maji yako wapi, vyoo vya wanawake viko vingapi, na ORS anaichukua kwa nani usiku. Kama hakuna jibu wabaki madarasani mpaka lipatikane, waende wote pamoja kumwambia chifu hivyo.